Namna ya kuwaingiza vijana kwenye kamati za mpira wa mchangani, kwa sisi wa Dodoma

Mbukwenyi wadau wa soka. Ukipita vikao vya kamati za timu za mtaani hapa Dodoma, iwe Chang'ombe, Nkuhungu, Kizota au kule Ihumwa, sura ni zilezile, mwenyekiti alianza uongozi enzi za FAT, shirikisho letu la soka kabla hata halijaitwa TFF, katibu anaandika kwenye kaunta buku ambalo anajua yeye tu limekaa wapi, mhazini ndo mwenye duka kwaiyo hela ya timu na hela ya duka zinalala droo moja. Alafu hawahawa ndo wanalalamika vijana wa siku hizi hawajitolei. Mimi sikubali. Kijana huyohuyo akiamua kuandaa ndondo ya mtaa anakusanya buku buku kwa washkaji, anatafuta refa, anatengeneza posta kwenye simu, anajaza uwanja na mbuzi wa mshindi juu. Kujitolea anajitolea, ila kwenye kamati yetu haoni aingilie wapi na akiingia afanye nini.

Kwaiyo haya naandika kwa viongozi wa timu za mtaa na vyama vya kata na wilaya ambao kweli wanataka damu mpya, sio wale wanaotaka vijana wa kupiga nao picha siku ya ufunguzi.

Kwanza kabisa, kabla hujamfuata kijana hata mmoja, wekeni hela mezani. Naanza na hili kwa sababu ndo linalofukuza vijana kuliko kitu kingine chochote na wengi tunaliruka tunakimbilia hamasa. Kijana akiingia kamati, ndani ya mwezi mmoja atauliza mchango wa jezi ulifika shilingi ngapi na ile laki aliyoahidi diwani ilikuja au haikuja. Ukimjibu "we mtoto wa juzi utajua nini" huyo umempoteza, na haondoki peke yake maana jioni atawasimulia wenzake wote kijiweni. Toeni hela ya timu kwenye simu ya mtu binafsi, iwekeni kwenye akaunti ya timu benki au hata M-Koba (akiba ya kikundi kwenye simu) ambayo wanakikundi wanaona hela ikiingia na ikitoka, alafu kila jumapili usiku mtu apige picha ukurasa wa mapato na matumizi autume kwenye grupu la WhatsApp. Mstari kwa mstari, ada ya ushiriki, posho ya marefa, maji, chokaa, nauli ya kwenda Hombolo. Hata kama salio ni sifuri tuma hiyo sifuri. Kama kamati yenu hilo haiwezi, basi hayo mengine ninayoandika chini itakuwa kupotezeana muda na watoto wa watu.

Ukishamaliza hapo, acha kabisa kutangaza "tunaomba vijana wajiunge na kamati". Tangazo la hivo haliiti mtu. Kijana akilisikia anaona viti vya plastiki chini ya mti na mabishano ya Simba na Yanga mpaka giza linaingia. Mwite kwa kazi moja, kazi yenye siku ya kuanza na siku ya kuisha, na ambayo mtu akiifanya vizuri uwanja mzima unaona.

Mfano ninaoupenda mimi ni uwanja wenyewe. Mwambie dogo, wewe na wenzako wawili kazi yenu jumamosi ni kupiga mistari. Wape tepu ya fundi, kamba, vigingi na chokaa, wape na vipimo: goli upana mita 7.32 na kimo mita 2.44, boksi kubwa unapima mita 16.5 kutoka kila nguzo kwenda pembeni na mita 16.5 kuingia uwanjani, penati mita 11, duara la kati kamba ya mita 9.15 unaizungusha kutoka pale kati. Waache wahangaike nayo. Viwanja vyetu vingi boksi linapigwa kwa hatua za mguu, kila wiki linabadilika, kuna siku penati inapigwa karibu mpaka kipa anaona aibu kuruka. Siku timu ngeni inafika inakuta mistari imenyooka watu watauliza kafanya nani, na hapo ndo unamsimamisha dogo mbele za watu unamtaja. Angalizo tu, chokaa wasishike kwa mikono mitupu, na ile ambayo haijazimwa msiipeleke uwanjani kabisa, inaunguza ngozi na macho, mchezaji akiteleza juu yake mtajuta. Alafu wapige asubuhi mapema, upepo wa Dodoma wa mwezi wa saba na wa nane hauhitaji maelezo.

Kazi nyingine nzuri ni kumbukumbu za mechi. Nani kaanza, nani kaingia dakika ya ngapi, nani kafunga, nani kala njano na hii ni njano yake ya ngapi. Tunadharau sana hii. Unakuta timu imechezewa rafu mezani, wapinzani wamechezesha mtu aliyefungiwa kwa kadi, kila mtu uwanjani anajua, lakini ukifika mbele ya kamati ya mashindano unaulizwa ushahidi huna, una hasira tu. Kijana mmoja mwenye simu na utulivu anaweza kukuokolea pointi tatu, na atakuwa ameifanya kazi ya katibu bila mtu kumwambia kwamba hiyo ndo kazi ya katibu.

Kuna na usajili. Huko juu TFF walishahamia kwenye mfumo wa kompyuta wa FIFA Connect, na hata ukiwa daraja la chini kabisa bado unatakiwa uwe na picha za wachezaji, namba za NIDA au vyeti vya kuzaliwa, fomu zilizojazwa bila kukwanguliwa. Mzee wangu mwenye miaka 62 usimtese na hayo, kuna mtoto wa mtaa wa pili anayafanya jioni moja huku anasikiliza muziki. Picha na matokeo kwenye mitandao hilo wala usiumize kichwa, watalifanya wenyewe, wewe waambie tu wasiweke matusi kwa timu pinzani.

Kitu ambacho usimpe mgeni ni kutafuta hela. Kuna kamati kijana akikanyaga tu anakabidhiwa kitabu cha wafadhili azunguke nacho Majengo sokoni na Sabasaba, anafukuzwa na kila mwenye duka kwa madeni ya heshima ambayo kamati iliyapoteza miaka iliyopita. Wala usimfanye wa kutumwa vocha na soda za wageni. Akishazoeleka hivo, hata awe na digrii atabaki kuwa "dogo hebu kimbia pale".

Sasa utawapata wapi. Wa kwanza kabisa ni wachezaji wenyewe walioumia. Yule aliyekatika goti akiwa na miaka 23, mpira ameuacha ila kila jumapili bado yupo pembeni anapiga kelele kuliko kocha, huyo anajua kanuni, anajuana na wachezaji, anateseka kwa kukosa kazi ya kufanya siku ya mechi. Sijui kwanini tunamuacha. Wa pili ni wanachuo, na Dodoma tumejaliwa, UDOM ipo, St John's ipo pale Kikuyu, CBE, Chuo cha Mipango, na kule Hombolo kuna chuo cha serikali za mitaa. Mwanafunzi wa uhasibu ukimwambia atunze daftari la mapato na matumizi la timu msimu mzima alafu mwisho utampa barua yenye muhuri inayosema alifanya nini na nini, hiyo ni bidhaa kwake, kwenye maombi ya kazi kila mahali anaulizwa uzoefu na hana.

Wa tatu wengi hatuwaoni. Tangu serikali ianze kuhamia huku mwaka 2016 wamekuja watumishi vijana wengi, wanapanga vyumba Ilazo, Nzuguni, Iyumbu, asubuhi wanaenda Mtumba kwenye ofisi za serikali jioni wanarudi, mtaani hawajuani na mtu. Weekendi wanaangalia mpira kwenye simu. Hawa wanajua kuandika barua rasmi, wanajua maofisi yanavyoenda, na wengi wangefurahi mtu akiwaambia njoo uwanjani kwetu. Shida ni kwamba tunasubiri wajilete, nani atajileta kwenye mtaa asiojua hata mjumbe anaitwa nani.

Bodaboda sihitaji kusema, mwenyekiti wa kijiwe cha boda ana uongozi kuliko nusu ya kamati zetu, anasuluhisha ugomvi kila siku, anakusanya michango ya msiba ndani ya saa moja.

Ila angalia kalenda ya huyo unayemtafuta, hapa ndo tunapokosea timing. Waliomaliza kidato cha nne wanamaliza mtihani mwezi wa kumi na moja na kidato cha tano kinaanza mwezi wa saba, hiyo ni miezi saba kijana yupo nyumbani anatafuta cha kufanya. Kidato cha sita wanamaliza mwezi wa tano, wengine wanaitwa JKT, ukimpa kazi ya msimu mzima utamlaumu bure. Wanachuo likizo ndefu wanatawanyika, kama ligi yenu inachanganya humo chukua wenyeji wa hapahapa wanaorudi nyumbani. Na nyie wa Bahi, Chemba, Kongwa, Mpwapwa, kuanzia Desemba mpaka Aprili kijana yupo shamba, mvua zetu ni za msimu mmoja akizembea hana chakula mwaka mzima, usimuitie kikao kipindi cha palizi alafu useme hana moyo. Mfuate mwezi wa tano mavuno yakielekea mwisho.

Namna ya kumwambia nayo ina maneno yake. Usipitie kwa baba yake. Najua kwetu ndo heshima, lakini akija kwa sababu baba kasema atakuja siku moja, ya pili humuoni, na baba yake unamkera. Mfuate mwenyewe uwanjani baada ya mechi au mwandikie. Kitu kama hiki:

"Habari dogo, nimekuona jumapili ulivyowapanga wale watu wasiingie uwanjani, nimependa. Timu ina mechi sita mbele yetu, nataka mtu wa kuandika kumbukumbu za hizo mechi, ni hizo sita tu, jumamosi na jumapili kuanzia saa tisa mpaka saa kumi na mbili jioni. Mshahara hakuna nisikudanganye, ila nauli na bando timu inatoa. Ukimaliza hizo sita utaamua mwenyewe kama unaendelea. Jumamosi njoo saa nane na nusu nikuonyeshe fomu zenyewe."

Umeona, kuna sababu ya kumchagua yeye, kuna kazi, kuna muda, hela imesemwa wazi, na mlango wa kutokea upo. Watu wanaogopa kuacha mlango wazi wakidhani atakimbia. Akijua anaweza kuondoka bila ugomvi ndo anakaa. Na ile nauli na bando mliyoahidi itoke kweli, kabla ya mechi, sio "nikumbushe kesho". Kijana anajitolea muda wake, sio mfuko wake, na mfuko wenyewe mara nyingi hauna kitu.

Akikubali mpeleke na kikaoni, ila kikao chenyewe mkirekebishe. Dakika 45 zinatosha, ajenda itumwe kwenye grupu siku moja kabla, mengineyo yasizidi mawili. Siku ya kazi saa kumi jioni mwenye boda yupo kazini na mtumishi yuko njiani anarudi kutoka Mtumba, wekeni jumamosi kabla ya mechi hapohapo uwanjani mtu asipande bajaji mara mbili. Na jamani vikao vya baa tuviache. Mnaona kawaida, lakini binti hatakuja, kijana wa msikitini hatakuja, mlokole hatakuja, alafu bili ya meza ile ikianza kuulizwa imelipwa na nani mnarudi kulekule kwenye hela.

Nimetaja binti, niliseme kabisa. Dodoma hii hii ndo ilitoa wasichana wa shule ya Fountain Gate waliochukua ubingwa wa Afrika wa shule mwaka 2023 kule Durban, Afrika Kusini. Alafu nenda kamati yoyote ya kata uhesabu wanawake, kama yupo basi anapika. Tukiwa na timu ya wasichana mtaani na kamati yote wanaume, kuna mambo wale mabinti hawatayasema kwa mtu. Mpe dada mmoja uhazini msaidizi uone, ila asiwe mmoja peke yake, wawe wawili, mmoja kati ya wanaume kumi anaishia kunyamaza.

Kuhusu vyeo, wengi tunakimbilia kutengeneza cheo cha "mwakilishi wa vijana". Mimi sikipendi. Ni kiti cha pembeni, hana daftari, hana funguo, hana sahihi, anaulizwa mwisho wa kikao "haya vijana mnasemaje". Bora awe katibu msaidizi au mhazini msaidizi, au aongoze kamati ndogo ya uwanja yenye bajeti yake hata kama ni elfu ishirini, aitumie na aitolee hesabu. Kama katiba ya timu inasema uchaguzi mpaka muda fulani, someni vizuri, nyingi zinaruhusu kamati kualika au kuteua wajumbe wa kazi maalumu. Kama hairuhusu pelekeni marekebisho mkutano mkuu, muhtasari uandikwe vizuri usainiwe, maana timu iliyosajiliwa kwa msajili wa vyama vya michezo, ile sheria ya BMT (Baraza la Michezo la Taifa) ya mwaka 1967, haibadilishi katiba kwa kukubaliana kijiweni.

Hapo wazee wataguna. Watasema wanataka kutupindua. Na kuna ukweli kidogo, kijana mwenye akili mwisho wa siku atataka kiti chako, sasa ulitaka afanyeje. Njia ninayoiona inafanya kazi ni kuwafunga wawili wawili. Mzee anajua mtendaji wa kata anapatikana saa ngapi, anajua afisa michezo wa wilaya anataka barua iandikweje, anawajua watu wa DOREFA, chama cha soka cha mkoa wetu, kwa majina, anajua ugomvi wetu na timu ya jirani ulianzia wapi na nani wa kumpigia uishe. Hayo hayapo kwenye simu ya mtu yeyote. Kijana aandike barua, mzee aisome, waende wote ofisini, mzee aseme "huyu ndo katibu wetu msaidizi, nikiwa sipo ongeeni nae". Safari ya pili kijana aende peke yake. Ukiona mzee anampigia simu afisa kwa siri kuuliza yule dogo kasema nini, kaa nae pembeni umwambie aache.

Siasa nayo iwekeni wazi mapema. Kipindi cha uchaguzi makombe ya waheshimiwa yanaota kama uyoga na vijana wanajua. Jezi ya mheshimiwa pokeeni, lakini kijana aliyekuja kupiga mistari asijikute kwenye orodha ya kubeba mabango, akihisi ametumika harudi.

Kwa walio chini ya miaka 18 kuna utaratibu wake. Kwa Sheria ya Mtoto ya 2009 huyo bado ni mtoto, hata kama ana kimo kukuzidi na keshamaliza kidato cha nne. Hapo ndo unaenda kwa mzazi, tofauti na nilivyosema juu. Asiwe msaini wa akaunti, asitumwe na hela za kiingilio usiku, asisafiri na timu bila mtu mzima ambaye mzazi anamjua. Na hao wakubwa wa miaka 20 mnaowapa timu za watoto, wawe wawili kila mazoezi, na habari za "njoo geto nikupe viatu" zisiwepo kabisa.

Ataondoka tu siku moja, atapata chuo Mwanza, atapata kazi Dar, ataoa. Hilo lipangieni tangu siku ya kwanza. Ukurasa wa timu wa Instagram na Facebook ufunguliwe kwa namba na barua pepe ya timu, neno la siri walijue watu watatu, grupu la WhatsApp liwe na maadmini zaidi ya mmoja, fomu na picha za wachezaji zihifadhiwe Google Drive ya timu na zisiishie kwenye simu yake, simu inaibiwa stendi inaondoka na usajili wote. Mechi mbili za mwisho aje na mtu anayemuachia, amuonyeshe. Mpeni barua yake ya ushuhuda ikiwa na muhuri kabla hajaanza kuifuatilia, mtajeni uwanjani, basi.

Kama mna mashindano mwezi wa sita na mnatumia uwanja wa shule, anzeni na barua ya kuombea uwanja, maana shule zikifungwa mwalimu mkuu anaweza kuwa amesafiri. Iandikwe na kijana, ipitie kwa mwenyekiti asaini, nakala kwa mtendaji wa kata, na ile nakala ya timu igongwe muhuri wa kupokelewa hapohapo getini asije mtu baadae akasema hakuiona.